Deni iko ku shamba, mawazo iko mu kichwa

LULIMBA. Ndugu mchimbaji, leo jioni ukikaa mbele ya ugali yako pale Misisi ao Lubichako, angalia sahani vizuri. Ule unga unaweza kuwa umetoka ku shamba la muhogo hapa Lulimba. Na mtu aliyelima, mara mingi, siku alipong'oa ule muhogo haukuwa wake tena. Alishauuza zamani, majani yakiwa bado mabichi, kwa bei ya chini, juu ya kulipa deni ingine.

Katika ukurasa huu tunazoea kusema juu ya mashimo, bei ya gramu na maji yanayoingia chini. Leo tunataka kusema juu ya wazazi wetu waliobaki ku jembe. Si kwa sababu tumechoka na habari ya zahabu, hapana. Ni kwa sababu deni ya shamba na deni ya shimo ni kamba moja, na kamba ile inafunga watu mu kichwa mbele ya kuwafunga mikono.

Baba aliyegawa jembe lake

Tutamwita Baba tu. Alikubali tuandike habari yake, lakini alituomba tusitaje jina wala kijiji. Ni mtu wa miaka zaidi ya hamsini. Wakati wa vita ya 1996 alivuka ziwa pamoja na wengine wengi wa Fizi, akaishi Nyarugusu, kule Kigoma. Wakati HCR ilipoanza kurudisha watu kupitia Baraka, kuanzia 2005, yeye pia alirudi na bibi yake na watoto. Alikuta shamba la baba yake limekuwa pori. Akaanza upya.

Miti ya muhogo aliomba kwa majirani. Ikaota, lakini majani yakajikunja, yakawa na madoa ya manjano, na chini hakuna kitu: mizizi kama kidole. Ile ndiyo mozaiki. Inaletwa na inzi weupe wadogo, tena inasafiri ndani ya miti ile tunayopeana. Jirani anakupa miti kwa upendo, kumbe anakupa na ugonjwa. Baba akageukia mahindi. Mahindi nayo yanataka mbegu, yanataka watu wa kusaidia kupalilia, na toka 2016 kuna kiwavi kipya kilichoingia Afrika ambacho kinakula moyo wa mahindi usiku. Akakopa kidogo. Akalipa. Akakopa tena.

Kisha mtoto wake wa kwanza akasema anataka kwenda Misisi. Baba akatafuta dola 100: buti, tochi, nyundo, na chakula cha mwezi wa kwanza. Alizichukua kwa mtu wa bank Lambert. Hawakuandikiana kitu. Walipeana mikono tu.

Shimo la mtoto likaingiwa na maji. PDG akaendelea kulisha vijana wake kwa daftari, kila sahani imeandikwa. Mtoto naye akawa na deni. Akaona haya kurudi mikono mitupu, akazima simu. Na Baba akaona haya kumwambia mtoto kwamba zile dola 100 hazikuwa zake. Miaka miwili kila mmoja anaficha deni yake juu ya kumlinda mwenzake.

Mama wa nyumba njo aliona mabadiliko. Kwanza Baba aliacha kupita njia kubwa, akawa anapita nyuma ya nyumba za watu. Kisha usingizi ukakatika: saa tisa za usiku ameketi kitandani. Chakula anagusa tu. Alikuwa mtu wa kucheka, akawa mtu wa kugombeza watoto juu ya kikombe kilichoanguka. Akaanza lutuku, yeye ambaye hakuwa mlevi. Watu wa kanisa wakasema ni uvivu. Watu wa familia wakasema ametupiwa kitu.

Siku moja akaita mdogo wake, akampa jembe na panga. Akamwambia bibi yake ile mbuzi ni ya nani na ile kuku ni ya nani. Alisema kwa sauti ya utulivu kabisa. Mama aliogopa ule utulivu kuliko ule ukali wa mbele. Hakungoja asubuhi. Alimwita jirani, wakalala wote mlangoni, na kukicha wakampeleka ku kituo cha afya.

Baba yuko mzima leo. Njo maana tunaweza kuandika.

Hesabu ambayo hatuipigi

Tukae chini tupige hesabu pamoja, maana deni inapenda giza.

Bank Lambert haina ofisi. Ni mtu mwenye feza na daftari. Tuseme anadai 30 juu ya 100 kwa kila mwezi. Mkulima anachukua dola 100 mwezi wa kumi, wakati wa kupanda, na anangojea mavuno ya mwezi wa pili. Kama faida inahesabiwa ku ile 100 peke yake, miezi minne inakuwa 220. Kama kila mwezi faida inaongezwa ku deni na kuzaa tena, inakuwa 130, kisha 169, kisha karibu 220, kisha karibu 286. Hakuna shamba la mahindi hapa kwetu linalozaa namna ile. Hata shimo nzuri halizai vile kila mwezi.

Kuna njia ingine ambayo watu hawaiiti deni: kuuza mavuno ikiwa bado majani. Tuseme gunia la mahindi mwezi wa pili litakuwa dola 30. Mnunuzi anakuja mwezi wa kumi na moja, wakati nyumba haina kitu, anatoa 15. Mkulima anashukuru. Lakini amekopa 15 na atalipa 30 kwa miezi mitatu. Ni Lambert ileile, imevaa nguo ya biashara.

Tena kuna dola yenyewe. Deni inaandikwa kwa dola, lakini mama anauza unga na mawese kwa franka. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilipita 2800. Mtu aliyekuwa na deni ya dola 100 ambayo haikulipwa, hata bila faida yoyote, alitoka ku franka 92.000 akafika zaidi ya 280.000. Hakula kitu, hakununua kitu. Alilala tu, na deni ikakua mara tatu.

Na angalia kalenda. Mwezi wa tisa watoto wanarudi ku masomo. Shule ya msingi ya serikali ilifanywa bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Mwezi uleule wa tisa njo mvua inaanza, njo wakati wa kutafuta mbegu ya saison A. Tena ni wakati akiba ya chakula imekwisha ndani ya nyumba. Mambo matatu yanakutana mlangoni siku moja. Mwenye feza anajua vizuri, anakuja wakati ule.

Kwa hiyo tusiseme mkulima anakopa juu hana akili. Anakopa juu mavuno inakuja mara moja na njaa inakuja kila siku. Kama vile wewe mchimbaji unavyokula kwa daftari ya PDG ukingojea shimo lizae, baba yako anakula kwa daftari ya Lambert akingojea mvua.

Kuwaza sana ni ugonjwa, si aibu

Hapa kwetu tunasema mtu ana mawazo mingi. Kule Zimbabwe, katika lugha ya Kishona, wana neno moja kwa jambo hilohilo: kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Munganga mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona pale Harare kwamba waganga wa akili ni wachache mno na wagonjwa ni wengi. Mwaka 2006 alianza kazi na bibi wazee wa mtaa. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Wanakaa ku benchi ya mbao karibu na kituo cha afya. Mwaka 2016 utafiti ulionyesha kwamba watu waliokaa na wale bibi walipona vizuri kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Kazi yao kubwa ilikuwa sikio na hatua ndogo ndogo. Hakukuwa mashine, hakukuwa jengo kubwa.

Kwa upande mwingine tuangalie India. Kule, hesabu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba watu zaidi ya 10.000 wa kazi ya shamba wanajiua kila mwaka, na deni ni moja ya sababu zinazotajwa mara kwa mara. Hatuandiki hii juu ya kuogopesha. Tunaiandika ili mtu wa Lulimba asifikiri yeye peke yake kalaaniwa. Kinachompata ni kitu kinachojulikana duniani, na kwa sababu kinajulikana, kuna njia za kukizuia.

Dalili ni hizi, na Baba alikuwa nazo karibu zote: usingizi unakatika kwa majuma, hamu ya chakula inapotea, mtu anachoka bila kazi, anakimbia watu, anakasirika haraka, anaanza pombe ao kuizidisha, anasema yeye ni mzigo kwa familia. Mtu akianza kugawa vitu vyake na kuaga bila safari, usingoje. Usimwache peke yake usiku ule.

Wengi wanaogopa kumuuliza mtu kama anafikiri kufa. Wanasema ukimuuliza utamtia lile wazo. Si kweli. Munganga wa kituo alimuuliza Baba waziwazi: "Muzee, unafikiri kumaliza maisha yako?" Baba alilia. Alituambia kwamba lile swali lilimtua mzigo, maana kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema lile neno mbele yake bila kumtukana.

Dawa za mawazo ziko, lakini hazifanyi kazi kwa siku moja kama dawa ya kichwa. Zinataka majuma mawili mpaka manne mbele mtu aone nafuu, na hazikatwi bila munganga kusema. Baba alitaka kuziacha siku ya kumi. Bibi yake alikataa. Pale ugonjwa unapozidi nguvu ya kituo, Bukavu kuko SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Frères de la Charité. Njia ni ndefu, tunajua. Njo maana mtu aletwe mapema, wakati kituo cha hapa karibu bado kinaweza kumsaidia. Sala ni nzuri, na pastori anaweza kukaa na mgonjwa. Lakini kumfunga mtu kamba ao kumnyima chakula siku saba si sala.

Jambo lingine dogo ambalo linaokoa watu: dawa za kuua wadudu wa shamba zisilale ndani ya nyumba ya kulala. Zifungiwe mbali, ao zikae kwa jirani. Sri Lanka ilikataza zile zenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, na idadi ya watu wanaojiua ikashuka sana. Saa mbaya inapita, mradi mtu asiwe na sumu karibu na mkono wake ile saa.

Siku ya kuhesabu

Juma la tatu, mama alituma mtu Misisi akamtafute mtoto. Akamkuta. Mtoto akarudi na nguo zile alizokuwa nazo mwilini. Akasema tu: "Papa, unisamehe." Baba akajibu: "Hapana, ni mimi."

Wakakaa ku lubunga pamoja na mdogo wa Baba na mzee mmoja wa kijiji anayejua kusoma. Wakachukua daftari ya shule ya mtoto mdogo, wakaandika kila deni: jina, feza iliyochukuliwa, siku, feza iliyokwisha kulipwa. Deni za Baba zikawa nne. Deni ya mtoto kwa PDG ikawa moja. Na mama pia akafungua mdomo: alikuwa na yake mbili ambazo mzee hakuzijua, moja ya chumvi na sabuni, ingine ya dawa ya mtoto.

Walipomaliza waliona jambo. Feza iliyochukuliwa kweli ilikuwa chini ya nusu ya ile iliyodaiwa. Nusu ya juu ilikuwa faida juu ya faida. Na mtu wa Lambert alikuwa amekwisha kulipwa zaidi ya zile dola 100, kidogo kidogo, bila karatasi yoyote.

Wakamwita. Hawakumtukana. Walimwonyesha daftari mbele ya mashahidi, wakaomba faida isimame pale ilipofika, na kilichobaki kilipwe kwa mavuno mawili. Alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alikubali, maana deni ya mtu aliyekufa ni ngumu kuidai, na kijiji kizima kilikuwa kinamwangalia. Waliandika, wakaweka vidole. Sasa kila malipo ina karatasi.

Si kila kitu kilipona. Mbuzi iliuzwa. Msichana wa pili alikosa mwaka mmoja wa shule, na kila mtu katika ile nyumba anajua mwaka ule hautarudi. Mtoto wa kwanza alirudi Misisi, lakini safari hii baba yake anajua anadaiwa ngapi kule.

Mambo ya kushika

Kwanza, kuwa na deni si kosa la jinai. Agano la kimataifa la haki za raia na za siasa, ambalo inchi yetu iliingia mwaka 1976, linasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba. Lakini angalia: ukidanganya ili upate feza, ao ukiuza mali ya mwenzako uliyopewa kuitunza, ile ni jambo lingine, sheria inaweza kukufuata. Kwa hiyo sema ukweli kwa anayekudai, na mtafute mbele ya siku yenyewe kufika, pamoja na shahidi.

Pili, usikope juu ya kulipa deni. Ni kupanda mti wa mozaiki ku shamba jipya.

Tatu, andika. Kama hujui kuandika, mtoto wako anajua. Tarehe, feza, vidole viwili.

Ine, muingie AVEC pamoja na watu munaowajua. Namna hii ya kuweka akiba ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wamama wa vijiji waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo iko karibu kila mahali Kivu. Watu kama 15 mpaka 25, wanakutana kila juma, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Wanakopeshana wao wenyewe kwa faida waliyokubaliana, na mwisho wa mwaka ile faida inarudi kwao. Ukipanga kugawana sanduku mwezi wa nane ao wa tisa, ule mwezi mbaya wa mbegu na shule unakukuta na kitu mkononi. Likelemba nayo inasaidia, lakini zamu yako inaweza kuangukia mwezi usiofaa.

Tano, miti ya muhogo muichague kwa macho. Shamba lenye majani ya kujikunja, usikate miti pale hata kama ni bure. Aina zinazovumilia mozaiki, kama Sawasawa, ziko katika Kivu ya Kusini, na INERA Mulungu inafanya kazi hiyo miaka mingi. Shirika la wakulima linaweza kuuliza kwa pamoja. Mtu mmoja peke yake ni vigumu.

Na wewe uliye ku shimo

Tunajua mambo ya kule. Tunajua filo inaweza kupotea miezi sita. Tunajua pia kwamba simu iliyozimwa si kiburi, mara mingi ni haya. Lakini nyumbani wanasoma ile simu vingine: wanafikiri umekufa, ao umewasahau, na mawazo yanaongezeka ku yale yaliyokuwako.

Usingoje gramu ndiyo uite nyumbani. Ita leo na mikono mitupu. Usiulize tu kama wote ni wazima, maana watakuambia ndiyo, hivyo njo tulivyofundishwa. Uliza hivi: "Papa, deni yetu ni ngapi?" Sema yetu, usiseme yako. Kisha umwambie na ile ya kwako.

Baba alirudishiwa jembe lake na mdogo wake mbele ya mvua ya saison A. Tulimkuta anapalilia, hakusimama kwa muda mrefu kusema na sisi. Alituambia usingizi umerudi, si wote, lakini unafika mpaka saa kumi na moja. Deni imebaki mavuno moja. Daftari ile iko ndani ya nyumba, imetundikwa ku msumari, na kila mtu mule ndani anaweza kuisoma.